Kuhama Programu za Kurekodi Muziki: Kinachohama na Kinachobaki

1. Utangulizi

Mnamo mwaka 1952 Hugh Tracey, mkusanyaji mashuhuri wa muziki wa Kiafrika, alipita ukingoni mwa msitu wa Ituri, kaskazini-mashariki ya Kongo, akanasa kwenye utepe nyimbo za watu wa huko, wakiwemo Wanande. Miongoni mwa alivyovinasa ni filimbi za Wanande ziitwazo eluma. Kila mpigaji ana filimbi yenye sauti moja tu, na wimbo hupatikana kwa wapigaji kupokezana sauti hizo. Tracey alianzisha Maktaba ya Kimataifa ya Muziki wa Kiafrika mwaka 1954, ambayo sasa imo katika Chuo Kikuu cha Rhodes, Afrika Kusini, na rekodi hizo zinasikika hadi leo. Kwa upande mwingine, wimbo wa kwaya uliorekodiwa kwa kompyuta huko Mangina, katika eneo la Beni, mwaka 2005, waweza kuwa haufunguki tena ijapokuwa faili zake zote zipo. Makala haya yanaeleza chanzo cha kinyume hicho, na namna ya kuhama kutoka programu moja ya kurekodi hadi nyingine bila ya kupoteza kazi.

2. Wimbo ndani ya kompyuta

Katika programu ya kurekodi, kila mwimbaji au ala hupewa mstari wake, ambao watu wa studio huuita traki. Vitu vinavyohifadhiwa ni vya aina mbili. Kwanza ni sauti zenyewe, ambazo kwa kawaida huwekwa katika faili za WAV, umbizo lililotolewa na kampuni za Microsoft na IBM mwaka 1991 na linalosomwa na takriban kila programu. Pili ni faili ya mradi. Hii haina sauti. Ina maagizo tu: traki ipi ianze wapi, ipunguzwe kiasi gani, ikatwe wapi, itiwe mwangwi gani. Maagizo haya kila programu huyaandika kwa lugha yake. Kwa hiyo anayehama na faili ya mradi peke yake ni kama aliyechukua fahirisi akaacha kitabu.

3. Sababu za kuhama

Si kila anayehama huwa amependa. Julai 2002 kampuni ya Apple iliinunua Emagic, watengenezaji wa programu ya Logic, na katika mwaka huo huo toleo la Windows likakomeshwa. Novemba 2017 Gibson ilitangaza kuacha kuendeleza programu za Cakewalk, na watumiaji wake wakabaki njia panda mpaka BandLab ilipozinunua mwaka 2018.

Hata asiyehama aweza kuhamishwa. Cool Edit Pro ilinunuliwa na Adobe mwaka 2003, ikapewa jina la Audition. Toleo la mwaka 2011 liliandikwa upya, nalo halikuweza kufungua moja kwa moja faili za miradi za matoleo yaliyotangulia. Ilimlazimu mtu arudi kwanza katika programu ya zamani, aitoe kazi yake kwa umbizo jingine, ndipo aifungue katika mpya. Aliyekuwa amekwisha kuifuta ile ya zamani hakuwa na mlango wa kurudia.

4. Kinachohama na kisichohama

Sauti huhama. Noti za kinanda na ngoma zilizoandikwa kwa utaratibu wa MIDI, uliopo tangu mwaka 1983, nazo huhama. Lakini MIDI husema noti ipi ipigwe na lini, haibebi sauti ya ala. Kinanda kilichosikika kama zeze katika programu ya kwanza chaweza kusikika kama tarumbeta katika ya pili. Miangwi, programu-jalizi na mipangilio ya miksi kwa kawaida hubaki nyuma. Mwaka 2023 Bitwig na PreSonus walitoa umbizo la pamoja liitwalo DAWproject, ambalo huhamisha sehemu kubwa ya maagizo hayo. Hata hivyo, sharti programu zote mbili zilikubali, na programu-jalizi zilizotumika ziwepo kule kunakohamiwa.

5. Utaratibu wa kuhama

Kazi hufanywa ndani ya programu ya zamani, kabla ya kuiacha. Kila traki hutolewa kuwa faili ya WAV ya peke yake, na zote zianzie mahali pamoja, yaani mwanzo kabisa wa wimbo. Mwimbaji akiingia katika dakika ya pili, dakika za mwanzo zijazwe ukimya. Sharti hili si dogo. Katika singeli ya Dar es Salaam, mapigo 200 kwa dakika ni jambo la kawaida, na kila pigo huchukua sekunde 0.3 tu. Traki ikiteleza kwa sekunde 0.03 imekwisha kukosea sehemu ya kumi ya pigo. Katika eluma, ambamo kila filimbi hushika sauti moja, traki ikiteleza zaidi wimbo wenyewe huvunjika.

Aidha, yafaa traki zitolewe mara mbili: zikiwa kavu, na zikiwa na miangwi yake. Faili zipewe majina yanayoeleweka, na karatasi ya maelezo iambatane nazo: mapigo kwa dakika, lugha, majina ya waimbaji kwa idhini yao, mahali na tarehe. Miksi ya mwisho iwekwe pia, iwe kipimo cha kulinganishia. Gharama yake si kubwa: wimbo wa dakika 4 wenye traki 12 za mkondo mmoja, kwa kiwango cha biti 24 na sampuli 48,000 kwa sekunde, huchukua megabaiti 415 hivi. Mwishowe faili zifunguliwe katika kompyuta nyingine. Zisipojaribiwa, haijulikani kama zimehama.

6. Hitimisho

Mangina ndipo palipokuwa kitovu cha kwanza cha mlipuko wa Ebola uliotangazwa tarehe 1 Agosti 2018. Ulipotangazwa kwisha tarehe 25 Juni 2020, watu 2,287 walikuwa wamefariki. Katika muda huo Kiswahili cha Kongo na Kinande vilibeba mafunzo ya afya redioni. Aidha, mashambulizi ya waasi katika eneo la Beni yamewatawanya watu mara kwa mara. Mahali kama hapo, sauti iliyopotea aghalabu haiwezi kurekodiwa tena, kwa kuwa mwenye sauti amehama au amefariki. Kwa mwanafunzi wa lugha, rekodi hizo ni ushahidi wa msamiati na matamshi usiopatikana katika vitabu. Idara zinazokusanya fasihi simulizi hazina budi kupokea traki na maelezo yake, wala zisiridhike na faili ya mradi. Utepe wa mwaka 1952 haukumwuliza msikilizaji anatumia programu gani. Rekodi za leo nazo zapasa kutouliza.