Karanga kwa mtoto: muulize daktari tena
Mwaka 2000 madaktari wa watoto Marekani walielekezwa kuwaambia wazazi kuwa mtoto aliye katika hatari ya aleji asipewe karanga hadi afike miaka 3. Ushauri huo ulifutwa 2008. Kisha 2015, utafiti wa London wa watoto 640 ukaonyesha kinyume: walioanza kulishwa karanga mapema, wakiwa na miezi 4 hadi 11, walipata aleji hiyo kwa uchache zaidi, pungufu ya takriban asilimia 80. (Za kusagwa, jamani, punje humkaba mtoto.) Mwenye ukurutu mkali aonwe na daktari kwanza.

Basi ukiambiwa umnyime mwanao kamba au korosho, uliza: kwa dalili gani? Midomo ikivimba na pumzi kubana baada ya kula, hiyo ni dharura. Dawa yake ni sindano ya adrenalini pajani, si dawa ya maji ya kuwashwa.