Herufi Ambazo Bango Halikuziandika

Mwaka 2000 jarida la wanaume la GQ lilipohitaji fonti yake lenyewe, msanifu Tobias Frere-Jones alianzia kwenye maandishi ya mbele ya kituo cha mabasi cha Port Authority, jijini New York. Ni herufi kubwa, nene, zilizonyooka, kazi inayofanana zaidi na ya mhandisi kuliko ya msanii. Alizunguka pia mitaa ya Manhattan na kamera, akipiga picha vibao vingine vya zamani vya aina hiyo. Hivyo ndivyo ilivyozaliwa Gotham, fonti iliyokuja kubeba kampeni ya Barack Obama mwaka 2008.

Hadithi hii husimuliwa kana kwamba fonti iliokotwa ukutani. Hesabu herufi uone. Jina Port Authority Bus Terminal lina herufi 15 tofauti tu. Hakuna D, G, K, W wala Z. Hata KARIBU haiandikiki. Herufi ndogo hazipo kabisa. Hata kama vibao vingine vilitoa chache, zilizobaki ilibidi mtu akae azibuni, na hapo ndipo kazi yenyewe ilipo. Kibao kinamwonyesha msanifu tabia ya mkono fulani, kisha yeye ndiye wa kuamua mkono huo ungeandikaje kile ambacho haukuwahi kuandika.

Mchoraji wa mabango naye anajua mengi asiyoyaandika popote. Herufi O ikilingana kabisa na H kwa urefu, jicho huiona fupi, kwa hiyo yeye huizidisha kidogo juu na chini. A na V zikikutana huzisogeza, vinginevyo neno linaonekana limekatika. Yeye hufanya hivyo papo hapo, akiwa juu ya ngazi. Kwenye kompyuta kila jozi ya namna hiyo hupimwa na kuandikiwa nafasi yake.

Ndiyo maana naiheshimu sana njia ya Hanif Kureshi wa India, aliyefariki mwaka 2024. Kwenye mradi wake wa HandpaintedType hakuishia kupiga picha. Aliwafuata wachoraji wa mitaani wakaandika herufi zote wenyewe, naye akazigeuza fonti zenye majina yao, kama Painter Kafeel na Painter Umesh. Mwenye mkono akiwa hai, hakuna sababu ya kumkisia, wala ya kulificha jina lake.

Afrika Mashariki njia hiyo bado iko wazi, ingawa mabango ya kuchapishwa kwa mashine yanazidi kuchukua nafasi ya brashi. Tena tuna sababu yetu ya pekee. Fonti iliyojaribiwa kwa maneno ya Kiingereza peke yake haijapimwa kwa maneno kama kunywa wala kupangwa. Andika ng'ombe kwa fonti nyingi na ile alama ya juu inaacha mwanya, neno linasomeka kama mawili. Fundi anayeandika bango la bucha kwa mkono huibana alama hiyo kwenye bega la g, kisha o inafuata bila pengo. Msanifu kijana atakayemwendea fundi huyo amwombe alfabeti nzima, tarakimu na ng', na wakubaliane kwa maandishi kuhusu jina na mgawo wa mauzo kabla kompyuta haijawashwa.