Kabla hujachoma daftari la mwenzako

NIANZE kwa kukiri, ndiyo usome haya mengine ukijua ni nani anakuandikia. Mimi ni mwanafunzi wa chuo huku Nyeri. Nimeokoka. Na miaka miwili iliyopita nilitupa motoni kitu ambacho hakikuwa changu.

Ilikuwa kesha ya Ijumaa mwezi wa Julai, ile baridi ya huku inayokufanya uvae soksi mbili na bado usisikie vidole. Mhubiri mgeni alifundisha kuhusu sanamu. Hakuzungumzia zile za kuchongwa. Alitaja katuni za Kijapani, tamthilia za Korea na mabango ya wanamuziki ukutani. Kisha akafungua Matendo ya Mitume 19, pale watu wa Efeso walipoleta vitabu vyao vya uchawi wakavichoma mbele ya umma. Akauliza nani kati yetu ana Efeso yake chumbani. Kufikia saa tisa usiku tulikuwa tumewasha moto nyuma ya ukumbi.

Rafiki yangu mmoja alikuwa ameketi safu ya nyuma. Tulimwita Kalamu kwa sababu alichora kila mahali, hadi kwenye risiti za duka. Alikuwa shabiki sugu wa Naruto. Mimi ndiye niliyemfuata kitini. Nilimwambia kama anampenda Mungu kweli, asibakishe kitu. Akaenda hosteli, akarudi na daftari nene lenye jalada jeusi, akanipa. Nikalitupa motoni bila hata kulifungua.

Tuliimba, watu wakalia. Asubuhi tulikunywa chai kwa mandazi tukisifu kesha. Kalamu alihudhuria ibada mbili zaidi, kisha akaacha kuja. Hajachora tena.

Sote tuna jezi

Sasa wewe unayesoma, usikimbilie kusema wanachama wa CU wana noma. Jiulize kwanza wewe ni shabiki wa nini.

Kwetu kanisani kuna mzee anayekemea vijana kwa sababu ya “mizimu ya Wajapani”. Mzee huyo huyo, Arsenal ikicheza Jumapili, anaangalia saa kuanzia tangazo la kwanza. Anajua majina ya wachezaji wote na nani ana jeraha la goti. Timu ikishindwa, hasalimii mtu hadi Jumanne. Kweli, nyani haoni kundule.

Panda matatu kutoka Nyeri hadi Karatina uone. Dereva ataanza na mugithi, watu watingishe vichwa. Mkifika Marua abadilishe, aweke gospo ya Kikikuyu, na abiria wale wale waimbe kwa sauti, mwingine hata ainue mkono. Hakuna anayeshuka. Huku mlimani tumezoea kubeba vyote viwili kwenye gari moja. Tatizo linaanza pale kitu kinapopendwa na vijana peke yao. Hapo ndipo kinaitwa pepo.

Lakini wacha niseme ukweli wa upande wa pili pia. Ushabiki unaweza kukumeza. Mimi nilikuwa mtu wa tamthilia za Korea. Muhula mmoja nilitazama hadi saa kumi alfajiri kwa siku tano mfululizo, bando ikiisha nakopa nyingine. Nikalala nikakosa CAT. Mama alinipigia simu mara tatu wiki hiyo na sikushika, kwa sababu kila alipopiga nilikuwa kwenye kipindi cha kunitoa machozi. Nilimlilia binti wa Seoul asiyekuwepo, na mama yangu mzazi hakupata hata “niko sawa”. Kwa hivyo mhubiri yule hakukosea kila kitu. Kuna vitu vinavyotaka kukaa mahali pa Mungu, na hata mahali pa mama.

Ugomvi huu ni wa zamani

Usidhani ni kizazi chetu kilichouanzisha. Mwaka wa 1929, wakati misheni zilipozozana na Wakikuyu kuhusu tohara ya wasichana, vijana walitunga wimbo wa kuchezwa ulioitwa Muthirigu. Uliwakejeli wamishonari na machifu, ukaenea kijiji hadi kijiji, na wakoloni wakaupiga marufuku 1930. Mimi siungi mkono ukeketaji hata kidogo. Lakini angalia kilichotokea: wimbo ulipigwa marufuku, na swali la vijana kuhusu nani ana haki ya kuwaambia Ukristo unafananaje likabaki bila jibu. Waumini wengi waliondoka kwenye misheni, na ndipo makanisa na shule huru za Wakikuyu zilipopata nguvu.

Halafu kuna Joseph Kamaru. Muulize babu yako. Mzaliwa wa Kangema, Murang’a, aliimba kuhusu mapenzi, siasa na mila kwa miongo kadhaa. Mauaji ya J.M. Kariuki yalipotokea Machi 1975, aliyaimbia. Mwaka wa 1993 Kamaru akatangaza kwamba ameokoka na kwamba sasa ni nyimbo za Injili. Unadhani mashabiki wote walishangilia? Wapo walioona wameibiwa mtu wao. Walitaka Kamaru wa kanda zao, na huyu aliyekuwa hai mbele yao walimwona msumbufu.

Alifariki Oktoba 2018, na leo mjukuu wake, anayejiita KMRU na ambaye pia ni mwanamuziki, amekuwa akizitoa upya nyimbo za babu yake, na vijana wa umri wetu wanazisikiliza. Mimi nampenda Kamaru wa pande zote mbili, na sijui kama yeye mwenyewe angenielewa.

Kamaru alinifundisha kitu kuhusu sisi mashabiki. Tunaweza kumpenda mtu hadi tumkataze kubadilika. Na sisi wa kanisani tunaweza kumpenda mtu hadi tumlazimishe abadilike usiku mmoja, saa tisa, mbele ya moto.

Efeso na Athene

Baada ya Kalamu kuacha kuja, nilirudi kusoma Matendo 19 polepole. Niligundua mambo mawili ambayo usiku ule sikuyasikia. Kwanza, vile vitabu vilikuwa vya uchawi, na waliovileta ndio waliokuwa wakiufanya. Walijua walikuwa wakitumia nini. Pili, kila mtu alileta chake mwenyewe. Hakuna mahali panaposema Paulo alizunguka vitini akiwashika watu mkono.

Kisha nikarudi nyuma sura mbili tu. Katika sura ya 17, Paulo huyo huyo yuko Athene, mji uliojaa sanamu, na moyo unamuuma. Angeweza kuomba kiberiti. Badala yake alitembea, akatazama, akasoma hata maandishi ya madhabahu moja. Aliposimama kuhubiri, alitumia maneno ya washairi wa Kigiriki wenyewe, watu ambao hawakuwa wa imani yake. Ina maana alikuwa amewasoma au kuwasikia. Alijua wanachokipenda Waathene kabla hajawaambia wanachokikosa.

Mimi sikujua Kalamu anapenda nini kwenye Naruto. Sikuuliza. Niliuliza baadaye, nimechelewa. Kumbe katuni hiyo, iliyochorwa na Masashi Kishimoto kuanzia 1999 hadi 2014, inamhusu mvulana yatima ambaye kijiji kizima kinamkwepa kwa sababu ya mnyama wa hatari aliyefungiwa ndani yake akiwa mtoto mchanga. Hakulichagua jambo hilo. Anakua akitaka tu watu wamwone. Kalamu alilelewa na nyanya yake, na kijijini kwao kulikuwa na maneno kuhusu mama yake. Sitaendelea, umeelewa.

Kinakutuma wapi?

Sasa mtu ataniuliza, basi tuangalie chochote? La. Ninacho kipimo kimoja, na nilikipata hapa hapa Nyeri.

Mei 23, 2015, uwanja wa Chuo Kikuu cha Dedan Kimathi ulijaa watu waliokuja kumwona Sista Irene Stefani akitangazwa Mwenyeheri. Mimi si Mkatoliki, lakini mji huu huwezi kuukwepa mjadala wake. Alizaliwa Italia 1891. Wakati wa Vita vya Kwanza vya Dunia aliwauguza wapagazi Waafrika katika hospitali za kijeshi Voi, Kilwa na Dar es Salaam. Baadaye alihudumu Gikondi, Mukurwe-ini, ambako wenyeji walimwita Nyaatha, mama wa huruma. Alifariki Oktoba 31, 1930, baada ya kuambukizwa tauni na mgonjwa aliyekuwa akimhudumia. Masalia yake yako katika kanisa kuu la mjini, na watu huja kutoka mbali.

Ukiwaangalia kwa haraka utasema nao ni mashabiki: wana picha, wana nyimbo, wana fulana. Lakini mtu akimpenda Nyaatha kikweli, mwishowe atajikuta ameshika sufuria ya uji akielekea kwa mgonjwa. Upendo huo unamtoa nje ya nyumba.

Basi uliza kile unachokipenda: kinanituma wapi? Kama mchezo wa Jumapili unakupeleka kukaa na baba yako ambaye mna mwaka mzima hamjaongea, asante Mungu kwa Arsenal. Kama unakutuma kwenye kubeti pesa za HELB, unajua jibu. Kama wimbo unakufanya umtazame msichana kama kitu cha kuchezewa, uzime hata kama midundo ni tamu. Na kama katuni ya Kijapani inamfanya kijana aliyetengwa aamini kwamba anaweza kupendwa, kanisa lilipaswa kuketi naye na kumuuliza: ni nani mwingine aliyewahi kukuambia hivyo?

Kipimo hicho kiweke pia kwa ibada yako. Kesha ile ilinituma wapi? Ilinituma kwa Kalamu, ndiyo, lakini ilinituma kuchukua. Sikwenda kumsikiliza.

Nilichofanya

Mwezi uliopita nilimwomba tukutane Whispers Park, hapo mjini. Kama hujui, bustani hiyo ina jina la safu ya gazeti ya Wahome Mutahi, mwana wa Nyeri aliyetuchekesha kuhusu padri, mke, baa na serikali, na ambaye aliwahi kufungwa enzi za Moi. Tulinunua smoki mbili, tukaketi. Nikaomba msamaha bila “lakini”.

Alinyamaza kwa muda. Kisha akaniambia daftari lile lilikuwa na nini. Naruto alikuwa kurasa za mwanzo. Kurasa zilizobaki zilikuwa Daudi. Daudi akichunga kondoo chini ya Mlima Kenya, Daudi akipita katikati ya mitumba ya soko la Karatina kumtafuta Goliathi, Daudi akiwa na nywele zilizosimama kama za Naruto. Alikuwa akizichora akitaka kuwaonyesha watoto wa shule ya Jumapili. Miezi minane ya kazi.

“Mbona hukusema?” nikamuuliza.

“Hukuniuliza,” akajibu. “Na wewe ndiye niliyekuwa nakuamini.”

Nilikuwa nimemnunulia daftari jipya na penseli. Alizichukua, akaniambia asante, akaziweka kwenye mkoba. Sijui kama amelifungua. Sitamuuliza haraka, nimeshamharakisha mara moja inatosha. Tumekubaliana kutazama vipindi vya kwanza vya Naruto pamoja Jumamosi hii, kwangu, na chapo madondo ni juu yangu.

Nawe kama una rafiki ambaye ushabiki wake unakuudhi, fanya hivyo kabla hujafanya kama mimi. Keti naye, tazama anachotazama, halafu muulize kwa nini.