Mambo Yanayoathiri Mapato ya Madaktari Bingwa wa Mfumo wa Chakula: Mtazamo kutoka Kaisho, Mkoani Kagera

Usuli wa Mada

Wilaya ya Kyerwa ilimegwa kutoka Wilaya ya Karagwe mwaka 2012, na ukanda wa Kaisho ukaangukia upande wa wilaya hiyo mpya, kaskazini-magharibi mwa Tanzania, ambako Mto Kagera ndio mpaka na Uganda. Mkazi wa ukanda huu anayeanza kuhisi chakula kinakwama kifuani huanzia zahanati, kituo cha afya au Hospitali ya Isingiro ya Kanisa Katoliki. Akipewa rufaa, njia yake hupita Bukoba kwenye hospitali ya rufaa ya mkoa, na mara nyingi huishia Mwanza katika Hospitali ya Kanda ya Bugando. Daktari bingwa bobezi wa mfumo wa chakula na ini, yaani yule hasa mwenye utaalamu wa tatizo lake, yuko mwisho wa safari hiyo.

Hali hii kwa kawaida huelezwa kwa kusema kwamba madaktari wanapenda miji. Maelezo hayo yana ukweli kiasi, lakini yanaficha mengi kuliko yanayoyafunua. Makala haya yanaeleza kinachojenga na kinachobomoa mapato ya daktari huyo. Hoja yake kuu ni kwamba mapato hayo hufuata kifaa na mlipaji. Ugonjwa wenyewe, hata ukiwa mwingi kiasi gani, hauyavuti.

Ugonjwa upo. Tanzania imo katika ukanda wa saratani ya umio unaoanzia Ethiopia na kushuka hadi kusini mwa Afrika. Chanjo ya homa ya ini aina ya B iliingizwa katika ratiba ya watoto mwaka 2002, na hivyo watu wengi waliozaliwa kabla ya hapo hawakuipata utotoni. Vidonda vya tumbo vinajulikana karibu katika kila kaya. Kama wingi wa wagonjwa ungetosha kumlipa bingwa, Kagera ingekuwa na mabingwa wengi.

Miaka ya Masomo na Mshahara Unaofuata

Ubobezi huu huchukua muda mrefu. Shahada ya kwanza ya udaktari ni miaka 5, mafunzo kwa vitendo mwaka 1, ubingwa wa magonjwa ya ndani miaka 3, kisha ubobezi wenyewe takribani miaka 2. Jumla ni miaka 11, pasipo kuhesabu muda wa kungoja ajira au ufadhili kati ya hatua moja na nyingine. Ufadhili wa masomo ya ubingwa na ubobezi unaotolewa na serikali kwa jina la Rais Samia umepunguza mzigo wa ada, lakini haurudishi miaka ambayo wenzake waliosomea fani nyingine wamekuwa wakipanda vyeo.

Akirudi kazini, daktari wa serikali hulipwa kwa ngazi za mishahara ya watumishi wa afya, TGHS. Daktari Daraja la II huanzia TGHS E, na bingwa huwekwa ngazi za juu zaidi. Ngazi hizo hutazama cheo, wala hazitazami tawi la utabibu. Bingwa wa mfumo wa chakula na bingwa wa ngozi wa daraja moja hupokea mshahara mmoja, awe Dar es Salaam au Kayanga. Kwa hiyo tofauti ya mapato kati ya bingwa na bingwa haitoki kwenye mshahara. Inatoka nje yake, na hapo ndipo Kaisho inapoachwa.

Kabla ya kufika huko, ni vyema kutazama makato, kwa kuwa mjadala wa mishahara ya madaktari mara nyingi huyasahau. Tuchukue mshahara wa mfano wa shilingi 4,000,000 kwa mwezi, kwa ajili ya kukokotoa tu. Mfuko wa pensheni wa PSSSF huchukua asilimia 5, yaani 200,000. Kodi ya mapato, ambayo hufikia asilimia 30 kwa kiasi kinachozidi 1,000,000, huchukua 968,000. Bima ya afya ya NHIF ni asilimia 3, yaani 120,000. Iwapo daktari bado anadaiwa na Bodi ya Mikopo, asilimia 15 ya mshahara hukatwa, yaani 600,000. Kinachobaki ni 2,112,000, kiasi kinachozidi nusu kwa kidogo, na hapo mchango wa chama cha wafanyakazi haujaguswa. Mgomo wa madaktari wa mwaka 2012, ambao miongoni mwa madai yake ulikuwa mshahara wa kuanzia wa shilingi milioni 3.5, ulizungumzia tarakimu ya juu ya karatasi. Anayelipa kodi ya nyumba hutumia tarakimu ya chini.

Kifaa

Tawi hili la utabibu lina sifa moja inayolitofautisha na matawi mengi ya magonjwa ya ndani: sehemu kubwa ya kazi yake hufanywa kwa mkono na kwa mashine. Mpira mwembamba wenye kamera, yaani endoskopi, huingizwa kwa mdomo ili kutazama umio, tumbo na mwanzo wa utumbo mwembamba. Mwingine huingizwa kwa njia ya haja kubwa ili kutazama utumbo mpana. Kwa mpira huohuo daktari anaweza kukata kipande cha nyama kwa ajili ya maabara, kufunga mshipa unaovuja damu, au kuweka bomba mahali palipozibwa na uvimbe. Walipaji, wawe bima au mgonjwa mwenyewe, hulipia tendo kwa bei ya juu kuliko mazungumzo. Daktari anayemsikiliza mgonjwa kwa nusu saa na kumweleza namna ya kula na kunywa dawa ameingizia hospitali ada ya kumwona daktari tu. Akimpima kwa endoskopi kwa muda huohuo, ameingiza mara kadhaa ya kiasi hicho.

Mfano wa Marekani unaonyesha jambo hili kwa uwazi. Huko watu wazima wasio na dalili yoyote hushauriwa kupimwa saratani ya utumbo mpana, na mwaka 2021 umri wa kuanza ulishushwa kutoka 50 hadi 45. Uamuzi huo wa kitabibu uliwapa mabingwa wa fani hii wateja wapya wenye afya njema na bima. Tanzania haina mpango wa kitaifa wa namna hiyo. Bingwa wa hapa hupokea mgonjwa aliyekwisha kuumia.

Sasa mpeleke bingwa huyo Kaisho. Mashine inahitaji umeme usiokatika katikati ya kipimo, maji safi, dawa maalumu za kutakasia mpira baada ya kila mgonjwa, muuguzi aliyefunzwa, na fundi. Mpira ukipinda au kamera ikififia, matengenezo hayapatikani Omurushaka. Kipande cha nyama kilichokatwa lazima kisafirishwe hadi kwenye maabara ya patholojia, na majibu yangojewe. Pasipo vitu hivi, bingwa bobezi anageuka daktari wa magonjwa ya ndani mwenye cheti kirefu. Mshahara wake ni uleule, lakini kile kipato cha ziada ambacho mwenzake wa mjini hukipata kwa kufanya vipimo katika kliniki za jioni hakipo. Wala haifai kusahau ujuzi wenyewe, maana mkono usioshika mpira kwa mwaka mzima husahau, na hilo huathiri mapato ya miaka ijayo.

Mlipaji

Mwaka 1977 sheria ilipiga marufuku utabibu binafsi wa kutafuta faida nchini Tanzania, na marufuku hiyo ikaondolewa mwaka 1991. Kwa miaka 14 swali la mapato ya nje ya mshahara halikuwa na nafasi halali. Hospitali za mashirika ya dini ziliendelea, na katika Karagwe ndizo zilizobeba mzigo. Nyakahanga ya Kanisa la Kilutheri ikawa hospitali teule ya wilaya, mpango ambao serikali huchangia gharama na mishahara ya watumishi. Daktari wa hospitali kama hiyo hutegemea hazina mbili, ruzuku ya serikali na makusanyo ya dirishani. Makusanyo yakipungua, hospitali hukosa cha kumwongezea.

Tangu Mfuko wa Taifa wa Bima ya Afya ulipoanza mwaka 2001, bei za mfuko huo zimekuwa sehemu ya mapato ya kila bingwa, apende asipende. Mfuko hutofautisha ada ya kumwona daktari wa kawaida, bingwa na bingwa bobezi, na huweka bei ya kila kipimo. Bei mpya zilipoanza kutumika Machi 2024, hospitali nyingi binafsi zilisitisha kwa muda kuwahudumia wanachama zikidai bei hazifidii gharama. Bingwa ambaye wagonjwa wake wengi ni wa bima aliuona mgogoro huo mfukoni mwake.

Huko Kaisho, hata hivyo, mlipaji mkuu si mfuko huo. Ni mkulima wa kahawa na ndizi. Fedha yake huja kwa msimu, kupitia chama cha msingi na KDCU, na nje ya msimu mfuko huwa mtupu. Mgonjwa akizidiwa wakati huo, familia huingia butura, yaani kuuza kahawa ingali mtini kwa bei ya chini, desturi ambayo serikali imekuwa ikiikataza na ambayo shida huirudisha kila mwaka. Bima ya CHF iliyoboreshwa, iliyowekwa kwa shilingi 30,000 kwa kaya ya watu 6 kwa mwaka, imekuwa ikisaidia hadi ngazi ya hospitali ya mkoa. Bingwa bobezi wa kanda yuko nje ya mpaka wake. Ndiyo maana fedha nyingi za maradhi ya tumbo huishia mapema, kwenye duka la dawa muhimu kwa vidonge vya kupunguza tindikali, au kwa mganga wa jadi. Tangu Barry Marshall na Robin Warren wa Australia walipoonyesha katika miaka ya 1980 kwamba bakteria ndiye chanzo kikubwa cha vidonda vya tumbo, vidonda hivyo vimekuwa ugonjwa wa vidonge, na hilo ni jema kwa mgonjwa. Ubaya ni kwamba vidonge hivyohivyo hupoza kwa muda maumivu ya saratani, na mgonjwa hufika kwa bingwa akiwa hawezi tena kumeza hata uji.

Kuna pia mlango wa pili. Kutoka Murongo mtu huvuka mto hadi Kikagati, na Mbarara, yenye hospitali ya rufaa na chuo kikuu cha utabibu, iko karibu mno kuliko Mwanza. Mgonjwa mwenye uwezo anayechukua njia hiyo huondoka na ada yake. Daktari naye hutazama ng'ambo: mwaka 2022 Uganda iliongeza kwa kiasi kikubwa mishahara ya madaktari wa serikali.

Tangu mwaka 2024 kambi za Madaktari Bingwa wa Rais Samia zimekuwa zikipeleka katika hospitali za wilaya mabingwa wa magonjwa ya ndani, upasuaji, watoto na fani nyingine, kwa siku chache kila mara. Kwa daktari, kambi hizo ni posho ya kujikimu inayokoma pindi kambi inapofungwa. Kwa mgonjwa wa koo linalokwama ni nafasi ya kuonwa karibu na nyumbani. Lakini bingwa wa magonjwa ya ndani asiye na mpira wa kamera hawezi kutazama ndani ya umio, na anachoweza kumpa ni karatasi ya rufaa ya kwenda mahali penye mashine.