Moyo wa Mama Baada ya Hopitali (Sehemu ya 2)

Juma lililopita tulieleza jinsi maumivu ya koo ya mtoto, yasipotibiwa kwa penisilini, yanavyoweza kuharibu vali za moyo. Leo tumfuate mgonjwa anapotoka hopitali, kwa maana hapo ndipo njia ya mwanamke na ya mwanaume zinapoachana.

Dawa peke yake haitoshi. Mgonjwa anahitaji miezi ya mazoezi yanayopimwa, mashauri juu ya chumvi na chakula, na mtu wa kumfuatilia. Mwaka 2015 watafiti wa Calgary, Kanada, walitoa hesabu ya wagonjwa zaidi ya 25,000 wa mishipa ya moyo. Katika kila wanaume 100, 42 walielekezwa kwenye mazoezi hayo. Wanawake walikuwa 31 tu, tena waliacha njiani kuliko wanaume. Ila kwa waliofika mwisho, vifo vilipungua zaidi kwa wanawake kuliko hata kwa wanaume. Ni kweli, anayemaliza pengine alikuwa na nafuu tangu mwanzo. Hata hivyo hakuna sababu ya kumnyima mama nafasi hiyo.

Wagonjwa wetu huku Kongo ni tofauti na hao wa Kanada: wengi wanaumwa vali. Utafiti uitwao REMEDY, uliogusa nchi 14, Uganda jirani yetu ikiwemo, ulihesabu wagonjwa 3,343 wa vali: karibu theluthi mbili ni wanawake, umri wa kati miaka 28. Huo ni umri wa kuzaa na kulima. Tena kuna udhaifu wa moyo unaowapata akina mama mwishoni mwa mimba au miezi ya kwanza baada ya kujifungua.

Mama wa namna hiyo akirudi nyumbani Vulamba, mjini Butembo, jirani humwambia: "Wewe unafanya kazi kutwa, mazoezi ya nini?" Hapana. Kupanda kilima na gunia mgongoni, kamba kwenye paji la uso, kunaulemea moyo ghafla bila kipimo. Mazoezi huanza kidogo, huongezwa polepole, na husimama pumzi inapokatika. Kipimo chake ni rahisi: mgonjwa atembee dakika 6 katika ujia tambarare, muuguzi apime mita alizofika, na baada ya majuma arudie. Saa na futi ya kupimia vinatosha. Huko Beni, ambako njia ya shamba imekuwa ya hatari, ua wa hopitali au wa kanisa unafaa.

Daktari anapomruhusu mama, awaite pia mume na mama mkwe. Wao ndio wanaoamua nani atateka maji kesho.

Juma lijalo: mimba, na dawa za kuzuia damu kuganda.