Sikukuu ya Kijana Bila Pombe

Siku hizi hata vijijini twasherehekea siku ya kuzaliwa ya kijana atimizapo miaka 15 au 16. Furaha hiyo ni njema. Lakini pombe huandaliwa kwa ajili ya wakubwa, nao vijana humaliza mabaki ya vikombe nyuma ya nyumba. Hivyo kijana aweza kujifunza ulevi kwao, wala si kilabuni.

Ubongo wa kijana huendelea kukomaa hata miaka 25 hivi, na pombe huudhuru. Tena Sheria ya Mtoto ya Tanzania ya mwaka 2009 yakataza kumwuzia pombe aliye chini ya miaka 18. Je, tukatae dukani, turuhusu uani?

Basi baba na mama wapatane kwanza, kisha wawaarifu wajomba na shangazi mapema. Karamu ianze saa 8 mchana, iishe kabla ya giza. Pikeni togwa, mkainywe ingali mpya, maana ikikaa siku nyingi huchachuka na kulevya. Mgeni akija na chupa, ipokewe kwa heshima, iwekwe ndani, naye arudishiwe aondokapo. Mzee akinung'unika, aambiwe kwa upole: "Babu, leo ni siku ya mjukuu wako."