Je, Wajua? Seli ya leukemia yaweza kuamriwa ikomae

Je, wajua kwamba katika leukemia kali, saratani ya damu, seli hukwama utotoni? Kwenye uboho wenye afya, seli nyeupe changa hukomaa, hupambana na vijidudu, kisha hufa. Za leukemia hubaki changa, hujazana na kuzinyima nafasi seli nzuri. Ndiyo maana mgonjwa hupungukiwa damu, huandamwa na homa na hutokwa damu kwenye fizi.

Je, wajua kwamba Ilford, mashariki mwa London, iliwapa wanasayansi jicho la kuziona seli kama hizi zikigawanyika? Mwaka 1879 Alfred Harman alianza kutengeneza hapo sahani za kupigia picha. Kampuni yake, iliyokuja kuitwa Ilford, baadaye ilitoa emulsheni za kunasa mionzi. Kwa emulsheni hizo kundi la mwanafizikia Cecil Powell liligundua pioni, chembe ndogo kuliko atomi, mwaka 1947. Wanabiolojia nao wakazitumia emulsheni hizo. Seli hulishwa thaimidini, kijenzi cha DNA, yenye mionzi, slaidi huchovywa kwenye emulsheni gizani, huachwa kwa siku au wiki kadhaa, kisha husafishwa kama picha. Vitone vyeusi vya fedha hujitokeza juu ya kiini cha kila seli iliyokuwa ikinakili DNA yake ili igawanyike.

Je, wajua kwamba kwa njia hiyo, tafiti za miaka ya 1960 zilionyesha kuwa seli nyingi za leukemia kali hugawanyika polepole kuliko seli changa zenye afya? Kasoro kubwa ilikuwa kutokomaa.

Je, wajua kwamba protini za kinga hubeba amri ya kukomaa? Wanasayansi Leo Sachs nchini Israeli na Donald Metcalf nchini Australia walionyesha kuwa baadhi yake, kama interlukini-6 na LIF, hugeuza seli za leukemia ya panya ziitwazo M1 kuwa makrofaji, seli zinazomeza vijidudu. Zikishakomaa, huacha kugawanyika. Ajabu ni kwamba LIF hiyohiyo huzuia seli shina za kiinitete cha panya zisikomae: amri moja, seli mbili, matokeo kinyume.

Je, wajua kwamba wazo hili limeokoa watu? Mwaka 1988 madaktari wa Shanghai waliripoti wagonjwa 24 wa leukemia ya promielositi, aina mojawapo ya leukemia kali, waliopewa asidi ya retinoiki, jamaa ya vitamini A. Asidi hii si protini, lakini huzikomaza seli. Karibu wote walipata nafuu kamili kwa dawa hiyo peke yake. Leo, ikichanganywa na aseniki chini ya uangalizi wa daktari, huponya wengi. Vidonge vya vitamini A vya dukani havifanyi kazi hiyo. Ugonjwa huu huua mapema kwa kuvujisha damu, kwa hiyo mwenye michubuko au anayetokwa damu bila sababu apelekwe hospitali siku hiyohiyo.